“Wametubania spidi!” Kwanza toa ruta kabatini

Nafunga na kutengeneza intaneti za majumbani hapa Kigoma. Wiki hii nimeitwa nyumba nne kwa neno lile lile: “Fundi, hawa jamaa wametubania.” Gungu, Katubuka, Mwanga, halafu Mwanga tena. Katika nyumba tatu kati ya hizo kampuni haikuwa imegusa kitu. Nimechoka kulieleza jambo hili nikiwa nimepiga magoti nyuma ya televisheni za watu.

Dhana: intaneti ikisuasua, kampuni imekubania makusudi

Chukua ile nyumba ya Gungu. Sijamaliza hata shikamoo, mama mwenye nyumba ameshaninyooshea simu: “Ona mwanangu, nalipia ishirini, napata tatu. Huu si wizi?” Nikamuuliza ruta iko wapi. Ilikuwa ndani ya kabati la vyombo, nyuma ya sinia na sufuria za alumini, imefunikwa kitambaa cha kufuma isiingie vumbi. Vumbi kweli halikuwemo. Yeye intaneti anaitumia chumbani, na kati yake na kabati kuna kuta mbili za tofali za kuchoma. Nikachomeka waya kutoka kwenye ruta hadi kwenye laptop yangu, nikapima: megabiti 19.4 kwa sekunde. Mzigo ulikuwa unafika nyumbani mzima mzima, unapotelea sebuleni.

Kampuni inakuletea spidi hadi kwenye ruta. Kutoka hapo hadi kwenye simu yako ni waifai, na waifai ni redio. Redio haipatani na chuma, na kioo cha kujitazamia, wala na ukuta mnene. Ruta nyingi za sasa zinarusha kwa masafa mawili, GHz 2.4 na GHz 5. Ya 2.4 inapenya ukuta vizuri zaidi, lakini ndiyo yenye vurugu: chaneli zake zisizoingiliana ni tatu tu, 1, 6 na 11. Sasa fikiria nyumba ya kupanga yenye ruta sita chini ya bati moja, zote zinapiga kelele kwenye chaneli hizo hizo. Ya 5 ina kasi ila ukuta unaichosha upesi. Nakuta mtu kakaa hatua mbili kutoka kwenye ruta, simu yake inaweza 5, kaiunganisha na 2.4, halafu anatukana kampuni.

Ushauri wangu wateja wameshaukariri: nunua waya wa mtandao. Zima waifai, chomeka kompyuta kwa waya, pima asubuhi, mchana na saa tatu usiku, siku tatu mfululizo, uandike namba kwenye karatasi. Kama huna vipimo vya waya, neno “kubaniwa” usinitajie. Na televisheni ikiwa jirani na ruta, ichomeke waya moja kwa moja. Waifai waachie simu.

Vipimo vikiwa vizuri asubuhi na vikaanguka saa tatu usiku, huo ni msongamano. Kampuni inauza uwezo mmoja kwa wateja wengi ikijua hawatautumia wote kwa wakati mmoja, na usiku wanautumia wote kwa wakati mmoja. Kama intaneti yako ya nyumbani inatumia laini ya simu, mnara mnagombania mtaa mzima. Kampuni inayosajili wateja kila wiki bila kuongeza uwezo inastahili lawama, tena nyingi. Sitetei mtu. Nasema tu uilaumu kwa kosa lake.

Na kubania kupo. Vifurushi vingi vya “bila kikomo” vina sera ya matumizi ya haki: ukipita GB fulani, spidi inashushwa hadi mwezi mpya uanze. Iko kwenye vigezo na masharti, yale uliyoyakubali bila kusoma. Kubania huduma moja peke yake nako kumewahi kutokea: mwaka 2007 kule Marekani, kampuni ya intaneti ya Comcast ilinaswa ikivuruga watumiaji wa BitTorrent, programu ya kugawana mafaili, na mwaka 2008 mdhibiti wao, FCC, akaiamuru iache. Ukishuku hivyo, linganisha vipima spidi viwili, Speedtest na Fast.com. Hii ya pili ni ya Netflix na inavuta data kutoka kwenye seva za Netflix zenyewe. Moja ikisoma 20 na nyingine 4, kwa waya, kila siku, hapo tuna la kuzungumza.

Dhana: nalipia 20 lakini faili linashuka kwa 2.4, nimepunjwa

Hujapunjwa. Kifurushi kinauzwa kwa megabiti, faili linahesabiwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti nane. 20 gawa kwa 8 ni 2.5. Hesabu ya darasa la tatu.

Dhana: weka VPN, spidi inarudi

VPN ni programu inayopitisha data yako kwenye seva nyingine kwanza. Inaongeza mzunguko, kwa hiyo kwa kawaida inapunguza spidi kidogo. Itakusaidia pale tu huduma moja inapobaniwa peke yake. Kama umeshushwa kwa sababu umemaliza GB zako, VPN nayo inapita kwenye bomba lile lile jembamba. Tena tangu Oktoba 2023 mdhibiti wetu wa mawasiliano, TCRA, anataka VPN zisajiliwe.

Dhana: Kigoma ni mwisho wa reli, lazima intaneti iwe ya polepole

Reli ya Dar es Salaam hadi hapa ni kama kilomita 1,250. Mwanga ndani ya nyuzi za mkongo unakwenda karibu kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo safari hiyo haimalizi hata sehemu ya mia ya sekunde. Umbali unatuumiza mkongo ukikatika njiani. Na Mei 2024, nyaya za baharini zinazotuletea intaneti, EASSy na Seacom, zilipokatika, Dar walisota kama sisi.

Nimebakiza nyumba ya nne, ya pale Mwanga. Kijana alikuwa na karatasi yake: siku tano, mara tatu kwa siku, kwa waya, na hakuna namba iliyovuka 9.8. Nami nikapima, 9.7. Tukapiga simu huduma kwa wateja, tukaambiwa azime ruta na kuiwasha. Tukawasomea vipimo kimoja kimoja. Baada ya kimya kirefu dada wa upande wa pili akasema akaunti ilisajiliwa kwenye kifurushi cha 10, ilhali risiti zote za kijana ni za 20. Ndani ya robo saa ikawa 20. Pesa za miezi minne ya nyuma bado anazidai, na barua ya malalamiko ameiambatanisha na ile karatasi.