Palizi inayojenga msitu: kahawa ya Wanahua wa Cuetzalan

Ninapowaonyesha wanafunzi wangu wa kilimo mseto picha ya shamba la kahawa la Wanahua, jamii ya wenyeji wa asili wa Cuetzalan, kwenye milima ya Puebla nchini Meksiko, wengi husema ni pori. Aliyekulia kwenye kihamba cha Kilimanjaro, yaani shamba la nyumbani lenye mazao mchanganyiko, hashangai sana. Hata migomba imo. Wenyewe huliita kuojtakiloyan, na miti mingi iliyomo haikupandwa na mtu. Iliachwa tu isikatwe.

Kwangu mimi, utaalamu wote umo kwenye palizi. Mkulima hafyeki kila asichokipanda. Anapita na panga akichagua: jani hili ni mboga, libaki; mche huu wa sederela umeletwa na upepo, siku moja utatoa mbao; ule wa pimienta umeoteshwa na ndege, nao ubaki. Pimienta ni kiungo chenye harufu kama ya karafuu na mdalasini, na hapo pana mtego. Miti yake ina dume na jike. Dume hauzai cha kuuza, na mgeni mwenye haraka angeukata kwanza. Lakini bila chavua yake, jike nao hautazaa kitu.

Chavua hiyo husafirishwa na wadudu, wakiwemo nyuki wadogo wasiouma, Scaptotrigona mexicana. Wanahua huwafuga katika vyungu viwili vilivyokutanishwa midomo na kuzibwa kwa udongo na majivu, kisha kupangwa chini ya upenu wa nyumba. Asali yao ni nyepesi, ina uchachu, na hutumika zaidi kama dawa. Mfugaji wa nyuki hawa ana sababu ya kutonyunyizia mibuni sumu, maana ingewaua.

Kivuli kikuu hutoka kwa chalahuite, mti wa jamii ya mikunde. Mizizi yake huongeza naitrojeni, majani yake hufunika udongo kwenye miteremko yenye mvua kubwa, na nyama tamu ya maganda yake huliwa na watoto. Mahindi na maharage yana shamba lake pembeni.

Mwaka 1989 ulipima mpango huu: Julai mfumo wa kimataifa uliopangia kila nchi kiasi cha kahawa ya kuuza nje ulivunjika na bei ikaporomoka, Desemba baridi kali ikaunguza mibuni. Lakini ushirika wa wakulima hao, Tosepan Titataniske, ulioanza mwaka 1977, haukutegemea kahawa peke yake: ulikuwa na pimienta pia ya kuuza.

Nisikipambe kivuli kupita kiasi, maana hakikuzuia kutu ya majani, ugonjwa wa ukungu wa mibuni, ilipoenea mwaka 2012 na 2013. Kikiwa kizito mno hata huikaribisha, kwa kuwa majani hukaa na maji; ndiyo maana kupogoa ni lazima. Wengi walilazimika kung'oa mibuni mikongwe na kupanda aina zinazostahimili. Mbuni mpya husubiriwa kama miaka mitatu. Wakati huo wote, pimienta huchumwa kila mwaka, kuanzia Julai hivi.