Kufuta programu ya saa janja si kufuta taarifa zako

Katika makundi ya WhatsApp ya hapa Kigoma unazunguka tena ujumbe wa siku nyingi usemao kwamba mtu anayetaka kuuza saa janja yake afute tu programu kwenye simu, na rekodi zake zote za mapigo ya moyo na usingizi zitakuwa zimetoweka. Sivyo ilivyo.

Taa ya kijani iliyo mgongoni mwa saa humulika ngozi na kupima damu inavyopita. Vipimo hivyo huenda kwenye simu, na kwa programu nyingi huendelea hadi kwenye seva, yaani kompyuta za kuhifadhia taarifa, za kampuni, ambako hukaa chini ya akaunti yako. Kufuta programu huondoa nakala ya simuni tu. Ukitaka kuhakikisha, ipakue upya na uingie kwa barua pepe ileile: hatua ulizotembea mwezi uliopita kutoka Mwanga hadi Ujiji zikirudi kwenye kioo, basi hazikuwa zimefutika.

Kuchanganya huku kunaeleweka, maana tumezoea kuihesabu picha iliyofutwa simuni kuwa imekwenda (nayo, tukisema kweli, mara nyingi bado ipo). Linalotakiwa ni kufuta akaunti yenyewe kwenye mipangilio kabla ya kuondoa programu, kisha kuirejesha saa katika hali ya kiwandani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 huzihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Ujumbe ule ukikufikia, tafadhali usiusambaze, hata kama aliyeutuma ni shemeji.