Je, wajua? Kwa nini mgonjwa wa saratani ya damu anaambiwa atembee na kemo imemlaza hoi

Kwetu mtu akitoka kutundikiwa dripu ya kemo, zile dawa kali za kuua saratani, kila anayekuja kumuona anamwambia pole, lala, pumzika. Ndoo anapokonywa, kikombe alichonywea chai anapokonywa, na yote ni mapenzi. Alafu anakuja mtu wa fiziotherapi, yule wa mazoezi ya tiba, wodini anasema haya inuka tuzunguke korido, ndugu wananuna, wanaona huyu naye hana hata huruma.

Ila uchovu wa kemo sio kama wa kulima. Wa kulima ukilala asubuhi umeisha, huu unalala masaa 10 unaamka umechoka vile vile. Saratani imejaza seli mbovu kwenye uboho, kile kiwanda cha damu ndani ya mifupa, kemo nayo ikija inafagia mbovu na nzima, damu inashuka na oksijeni inayofika mwilini inakuwa ya kubana. Na juu ya hapo kuna msuli, ambao usipoutumia unaisha haraka kuliko watu wanavyodhani. Kuna utafiti wa Marekani wa 2007, wazee wazima wasioumwa chochote walilazwa kitandani siku 10 tu, wakapoteza karibu kilo 1 ya nyama ya miguu. Sasa piga picha mtu wa leukemia ya ghafla, yaani saratani ya damu inayokuja kwa kasi, anayekaa wodini wiki nne kwenye kemo ya kwanza, mdomo una vidonda, chakula hakipiti, na wale wa ALL, aina mojawapo ya leukemia ya ghafla, wanapewa na prednisoloni au deksamethasoni, dawa za steroidi ambazo zenyewe zinakula msuli wa paja, ndo maana unamuona kijana kabisa anashindwa kuinuka chooni bila kushika ukuta. Anachoka analala, akilala msuli unapungua, msuli ukipungua anachoka zaidi.

Miaka ya 90 kule Ujerumani daktari Fernando Dimeo na wenzake wakajaribu kinyume. Wagonjwa wa saratani waliolazwa kwa kemo nzito walipewa baiskeli ya kunyonga ukiwa umelala hapo hapo kitandani, nusu saa kwa siku, unanyonga kidogo unapumzika unanyonga tena. Majibu yakatoka 1999: mpaka siku ya kuruhusiwa, wasionyonga uchovu wao ulikuwa umepanda, walionyonga haukupanda, na hata hofu ilipungua. Baadaye wagonjwa wa leukemia nao wakajaribiwa wakiwa wodini na mambo yakaelekea huko huko.

Tusidanganyane lakini, kutembea hakupandishi damu kwa wiki moja. Kinachobadilika ni kwamba msuli uliozoea kazi unaitumia vizuri oksijeni kidogo iliyopo, kwa hiyo moyo haupigi mbio kwa sababu tu umeenda msalani. Na mapafu ya mtu anayekaa wima yanajaa hewa vizuri, sio kama ya anayelala chali mchana kutwa.

Sasa ni kiasi gani? Hapa ndo watu wanakosea, wanafata ratiba ya jim wakati mwenye ratiba ni ile karatasi ya FBP, kipimo cha damu, ya asubuhi. Angalia pleteleti, zile chembe za kugandisha damu, kawaida ni kuanzia 150,000. Zikiwa chini ya 50,000 achana na kubeba vizito na kujikamua huku umebana pumzi, chini ya 20,000 ni kukaa na kutembea taratibu tu, chini ya 10,000 kwa kawaida unasubiri uongezewe kwanza, maana hatari ni kuvuja damu, hasa kichwani. HB, kipimo cha wingi wa damu, ikiwa chini ya 8 fanya vyepesi, ukisikia kizunguzungu au kifua kinabana acha hapo hapo. Seli nyeupe zikishuka sana tembea wodini na barakoa, jim na mikusanyiko baadaye. Homa ikifika 38 hakuna cha mazoezi, hiyo ni dharura, muite nesi sasa hivi. Viwango vinatofautiana kidogo hospitali na hospitali kwa hiyo muulize daktari wako.

Siku nzuri yenyewe ni kusimama na kukaa kwenye kiti mara tano, kuinua visigino umeshika ukingo wa kitanda, korido dakika tano asubuhi, tano jioni, na uweze kuongea huku unatembea, ukishindwa umezidisha. Kama kichefuchefu kinasumbua subiri dawa yake ishike kwanza.

Na malapa yaacheni jamani. Vinkristini, dawa mojawapo ya kemo, inatia ganzi miguuni, mguu unaburuza bila mtu kujua, na mtu mwenye pleteleti 30,000 akijikwaa ni kesi nyingine kabisa. Viatu vya kufunga nyuma, ndugu mmoja ashike stendi ya dripu, mwingine atembee upande wa pili wala asimbebe.