Je, wajua kwa nini wachoraji hujaza madaftari yao mikono?

Fungua daftari la mazoezi la mchoraji wa watu, utakuta kurasa nzima za mikono ya penseli. Mmoja umeshika kikombe, mwingine umekunja ngumi, wa tatu umelala gotini. Uso haupo, mwili haupo. Kulikoni?

Mkono ninaousema hapa ni ule wa kuanzia kwenye kifundo hadi ncha za vidole. Humo tu mna mifupa 27. Uso hata ukicheka, pua inabaki mahali pake. Mkono ukiufumba, umbo lote limegeuka. Kidole kikikuelekea moja kwa moja kinaonekana kama kibonge kifupi, ingawa akili inajua ni kirefu. Anayeanza kuchora huifuata akili, si macho, na ndiyo maana vidole vyake hutoka vimenyooka kama meno ya reki.

Hebu utazame mkono wako kwa nyuma. Kidole cha kati kinaanzia kwenye fundo lile la kupigia konzi. Sasa geuza kiganja: kidole kilekile kimefupika! Ngozi ya kiganja hupanda katikati ya vidole na kufunika sehemu kubwa ya pingili ya kwanza. Wengi tumeishi na mikono hii miaka yote bila kuliona hilo.

Tena, vidole vyenyewe havina misuli ya kuvikunja. Misuli mikubwa ya kazi hiyo imekaa kwenye kigasha, yaani kati ya kiwiko na kifundo, nayo huvivuta kwa kano, zile kamba ngumu zinazounganisha misuli na mifupa. Shika kigasha chako uchezeshe vidole, utaisikia ikitembea chini ya ngozi. Kwa hiyo mkono unaong'ang'ania mpini huchomoza kano, na hapo mchoraji huikandamiza penseli. Mkono wa mtoto aliyelala huupitia kwa mstari mwepesi, karibu usionekane.

Vincent van Gogh alishika njia ya uchoraji mwaka 1880, akiwa na miaka 27. Majira ya baridi ya 1884 kuingia 1885, kijijini Nuenen, Uholanzi, alichora vichwa na mikono ya wakulima mara nyingi ajabu, akijiandaa kwa picha ya familia inayokula viazi. Alimwandikia mdogo wake Theo kwamba alitaka ionekane wazi kuwa watu hao wameichimba ardhi kwa mikono ileile wanayoipeleka kwenye sahani. Kwangu mimi, vile vidole vyenye mafundo, vilivyokakamaa, vinasema zaidi ya nyuso zao.

Rafiki yake Anthon van Rappard hakuona hivyo. Alipopata nakala iliyochapwa ya picha hiyo, alimuuliza kwa ukali kwa nini mkono wa mwanamume mmoja, safari hii mkono mzima kuanzia begani, umepungukiwa mita nzima. Van Gogh aliumia sana. Kiangazi hichohicho alirudi mashambani na karatasi zake, akawachora wavunaji na wachimbaji wa viazi, mmoja baada ya mwingine.