Mteremko si lazima ushuke: dhana potofu kuhusu mistari ya grafu

Nafundisha tuisheni ya hesabu jioni hapa Kondele, Kisumu. Kila mwaka wanafunzi wakifika kwenye y = mx + c, mlinganyo wa mstari ulionyooka ambamo m ni mteremko, makosa huwa ni yale yale.

"Mteremko ni mstari unaoshuka."

Hapa lugha yenyewe imetuponza. Mtu akitoka Mamboleo kwenda Kakamega anapanda kilima cha Riat. Akirudi anateremka, na barabara ni ile ile. Kwenye grafu hakuna kurudi: mstari husomwa kutoka kushoto kwenda kulia. Ukipanda, m ni chanya. Ukishuka, m ni hasi. Yote mawili ni mteremko, hata kama sikio linakataa. (Ndiyo maana wanafunzi wangu wengi husema gradienti, nami siwakatazi.)

"Nambari inayotangulia ndiyo mteremko."

Chukua pipa la maji la lita 200, nyumba inayochota jerikeni mbili za lita 20 kila siku. Maji yanayobaki baada ya siku x ni y = 200 - 40x. Wengi huandika m = 200 kwa sababu imekaa mbele. Mteremko ni ile nambari iliyoshikana na x, popote ilipo, pamoja na alama yake: -40, yaani kila siku lita 40 zinaondoka. Hiyo 200 ni c, pale mstari unapokata mhimili wa y, pipa likiwa limejaa na hakuna aliyechota. Huwekwa kwenye mhimili wa wima. Juzi nimeikuta kwenye wa mlalo, pipa likakaa na maji siku 200!

Ukipewa 2y = 6x + 8, gawa kwanza kote kwa 2. m ni 3, c ni 4.

"Hesabu miraba tu."

Hili ndilo nalopigana nalo zaidi. Binti mmoja alichora grafu ya pipa lile, safi kabisa, penseli imechongwa. Kwenye x, sentimita 1 ilikuwa siku 1. Kwenye y, sentimita 1 ilikuwa lita 40. Mstari ukaanzia sentimita 5 juu, ukaugusa mhimili wa x sentimita 5 kulia. Akahesabu mraba mmoja chini, mmoja kulia, akaandika m = -1.

"Lakini mwalimu, si unaona?"

Nikaona. Nikamuuliza kama kwao huoga, hupika na kufua kwa lita moja kwa siku. Akacheka, akachukua kifutio. Mteremko ni badiliko la y kugawanywa kwa badiliko la x, kwa thamani zenyewe: (0 - 200) ÷ (5 - 0) = -40. Badilisha kipimo cha mhimili na mstari utasimama zaidi au utalala, lakini -40 haiguswi.

"Alama ya kutoa inashika juu na chini."

Kwa mteremko wa -2/3, shuka 2 kisha nenda kulia 3. Au panda 2, nenda kushoto 3. Ni mstari ule ule. Ukishuka na kwenda kushoto pia, umechora 2/3.

"Mstari uliolala hauna mteremko."

Unao, ni 0, kama pipa ambalo wenyewe wamesafiri. Usio nao ni ule wa wima, tuseme x = 3. Hapo badiliko la x ni 0, na kugawanya kwa 0 hakuwezekani, kwa hiyo huwezi kuuandika kwa y = mx + c hata ukeshe.