Mtoto kachagua Sayansikimu, sasa?

Gredi ya 10 ya kwanza ya mtaala wa umilisi ilianza Januari 2026, na wazazi hapa Malindi wananiuliza swali lile lile kwa maneno tofauti: "Mwalimu, mtoto kachagua Sayansikimu. Si atakuwa yaya?" Swali huja kwa sauti ya msiba. Hilo ndilo somo ninalofundisha, na jibu langu huanza na jambo ambalo wengi hawalijui: katika sekondari pevu Sayansikimu imewekwa mkondo wa STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), upande wa sayansi tumizi, pamoja na Kilimo na Kompyuta. Shule ikiwa na mkusanyiko wa masomo unaoiunganisha na Biolojia na Kemia, njia ya lishe au uuguzi bado iko wazi.

Ama huyo yaya, nina neno juu yake pia.

Marekani, kazi za kuhudumia watu zimekuwa zikipangwa sekondari katika kundi moja: malezi ya watoto wadogo, unasihi, huduma kwa familia na jamii, ususi na urembo, ushauri kwa wanunuzi. Mzizi ni wa zamani, tangu sheria ya Smith-Hughes ya 1917 iliyotoa fedha za serikali kuu kwa masomo ya kilimo, ufundi na maarifa ya nyumbani. Majina hayo hayanishughulishi sana. Ninachowaonea wivu ni kuhesabu saa. Cheti chao cha malezi, CDA, hudai saa 120 za masomo na saa 480 za kazi na watoto, na mwanafunzi wa miaka ya mwisho ya sekondari anaweza kuanza kuzikusanya akiwa bado shuleni. Yaya wa kule anaweza kuonyesha karatasi. Wa kwetu anaulizwa tu, "Wewe mtoto wa nani?"

Msichana aliyekulia Maweni au Ganda amebeba wadogo zake tangu akiwa na miaka minane. Kumwambia leo unamfundisha kulea ni kama kumfundisha mvuvi wa Shela kuogelea. Anachokosa ni kuangalia na kuandika. Wanafunzi wakienda chekechea kwa somo la huduma kwa jamii, ambalo ni la lazima kwa kila mwanafunzi wa sekondari pevu, kazi yao ya kwanza kwangu ni kukaa kando na kuandika anachofanya mtoto mmoja kwa dakika kumi. Basi. Madaftari ya mwanzo hurudi yamejaa hukumu: mkorofi, hana adabu, mvivu. Nayakata kwa kalamu nyekundu. Andika ulichokiona: alinyang'anywa kopo, akampiga mwenzake mkononi, akalia, akaenda kwa mwalimu. Aliitwa mara tatu kutoka nyuma, hakugeuka. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo ninayoitafuta, kwa sababu mtoto asiyegeuka akiitwa kutoka nyuma huenda hasikii vizuri. Angeandikwa "jeuri", angefika Gredi ya 3 na jina hilo bila mtu kumpima masikio.

Na mji wetu ni wa kujuana. Mtoto unayemwandika asubuhi, mamake utakutana naye sokoni jioni. Kwa hiyo daftarini hakuna jina, kuna herufi tu, na picha hazipigwi, hata ile ya kuweka kwenye status "kwa mapenzi". Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto.

Upande wa urembo, wanafunzi wangu wananizidi mkono. Wanachora hina ambazo mimi siwezi hata kuzinakili. Ninachowaongezea ni kemia. Hina ya majani huacha rangi ya machungwa inayoiva polepole hadi kahawia. Piko nyeusi inayoshika haraka ni rangi ya nywele, na ndani yake mna kemikali iitwayo PPD. Kwa baadhi ya watu ngozi huvimba na kutoa malengelenge kwa umbo lile lile la ua lililochorwa, na mwili ukishaikataa huendelea kuikataa hata miaka baadaye, mtu anapopaka rangi nywele. Umoja wa Ulaya unairuhusu kwenye rangi za nywele kwa kiwango kisichozidi asilimia 2, wala si ya kuchorea ngozi. Mtoto wa mtalii akipakwa ufuoni leo, malengelenge yatamtoka ameshafika Milano, na aliyempaka hatajua kamwe. Rangi ya nywele saluni, wanajifunza kuijaribu kidogo kwenye ngozi saa 48 kabla. Piko ya mwilini nawaambia waache, najua biharusi wataitaka, najua pesa yake ni nzuri.

Unasihi ndio unaonitia hofu, maana kila kijana mwenye huruma anadhani anauweza. Mwaka 2023, miili zaidi ya 400 ya waumini waliohimizwa wafunge hadi kufa ilipofukuliwa msitu wa Shakahola, hapa hapa kwetu, sote tuliona jinsi mji unavyohitaji watu waliofunzwa kukaa na waliofiwa na walionusurika. Lakini Kenya ina sheria ya wanasihi na wanasaikolojia tangu 2014, na kuifanya kazi hiyo kunataka usajili. Mwanafunzi namfundisha kusikiliza, kutoahidi siri asiyoweza kuitunza, na kumfikisha mtoto kwa anayehusika. Namba 116 ya kuwasaidia watoto, isiyolipiwa, iko kwenye jalada la kila daftari.

Baada ya shule kuna vyuo vya kiufundi, ambako ngazi ya 4 ni ya ufundi wa mwanzo, ya 5 cheti, ya 6 diploma, na kuna mitihani ya NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, kwa wasusi na vinyozi. (Ndiyo, vinyozi. Wavulana, njooni.) Wanaokwenda Saudia kufanya kazi za nyumbani nao hupitishwa kozi kabla ya kusafiri, na hapo ndipo wengi huandikiwa cheti mara ya kwanza kwa kazi waliyoifanya maisha yao yote. Wazazi hukimbilia kuulizia Nairobi, ilhali Katiba, Jedwali la Nne, imezipa kaunti elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya kulelea watoto. Kaulizeni Kilifi, kaunti yetu, kwanza.

Na daftari lisitupwe. Kenya inao utaratibu wa kutambua ujuzi ambao mtu aliupata nje ya chuo, na anayetathminiwa huulizwa ushahidi. Kwa hiyo kila ziara iandikwe tarehe, saa ya kuingia na kutoka, kazi iliyofanywa, na sahihi ya mwalimu wa chekechea, siku hiyo hiyo, kabla hajapanda tuktuk kurudi kwake.