"Fundi, fremu imechoka"

Jumamosi nimeambiwa tena, hapa kwenye karakana yangu ya baiskeli Arusha. Kijana kaja na baiskeli yake ya resi, ya bluu, fremu ya chuma, mtumba wa Japani, bado ina kile kistika cha usajili wa kuzuia wizi wanachobandika kwao. Kaegemeza ukutani bila hata kunisalimia vizuri. "Fundi, fremu imechoka. Nikisimama kwenye pedali kupanda Ngaramtoni inayumba kama chelewa. Nataka mpya, wewe niambie tu hii niiuze bei gani."

Hii ni mara ya tatu ndani ya mwezi, nimeamua kuandika.

Chuma hakilegei kwa kuendeshwa. Bomba la fremu yako likibebeshwa uzito linapinda kiasi fulani, ukiutoa linarudi. Baada ya miaka 20, kwa uzito uleule, litapinda kiasi kilekile. Fremu ya chuma hufa kwa ufa, au kwa kupinda moja kwa moja ukigonga kitu, au kwa kuliwa na kutu kutokea ndani hadi bomba linabaki ganda. Hiyo ya kutu ni kweli kabisa, na ndiyo maana kila masika nawasumbua mchomoe bomba la siti, mgeuze fremu, maji yatoke. Lakini "imekuwa laini"? Hapana.

"Mbona ya rafiki yangu mpya ni ngumu zaidi?" Inawezekana sana! Mabomba yake ni manene, pengine ni ya alumini au kaboni. Yako ina mabomba membamba, na ilikuwa inayumba hivyohivyo siku inatoka kiwandani, kabla hujajua hata kutembea. Imezaliwa hivyo, haijachoka. Watu wanashika nusu ya kwanza ya habari, kwamba mpya ni ngumu kuliko ya zamani, wanairuka ya pili.

Basi nikaipandisha ile ya bluu kwenye stendi. Nikashika mkono wa pedali nikausukuma kuelekea kwenye fremu: tak, tak. Beringi za ekseli ya pedali zimekwisha. Nikabana spoku za gurudumu la nyuma mbili mbili kwa vidole. Kulia zimekaza, kushoto zinacheza kama nyuzi za gitaa lisilotuniwa. Upande wa kushoto nyuma spoku hukazwa kidogo tangu mwanzo, kwa sababu gurudumu linavutwa kulia kupisha kaseti (yale meno ya gia za nyuma), kwa hiyo ndizo za kwanza kulegea. Tairi ni za milimita 23. Nikaweka geji: pauni 50, upepo mdogo mno. Yeye huzipima kwa kubonyeza na kidole gumba.

Sikumwambia kitu. Nikatoa magurudumu yote mawili, nikafunga ya kwangu, nikajaza upepo, nikabadilisha na zile beringi. Nikamwambia azunguke hadi Sakina arudi. Karudi anatabasamu: "Sasa imekaza!" Fremu ileile, ndugu yangu. Hata vumbi sikuifuta.

Cheni nipite haraka, maana nimeshasema sana. Cheni "hairefuki" kwa kuvutika, pini na matundu yake yanalika. Weka rula, sifuri kwenye pini moja: pini ya 24 mbele yake inatakiwa iangukie inchi 12 kamili. Ikizidi kwa 1/16 ya inchi badilisha cheni. Ikifika 1/8, kaseti nayo imeshaliwa, na cheni mpya juu yake itaruka kila ukikanyaga. Wengine wakifika hapo ndipo wanaitangazia fremu msiba.

La pili linaloniudhi ni hili: "Nitanunua fremu mpya tupu, halafu wewe fundi utahamishia vitu vyangu." Vitu gani? Gurudumu lako la nyuma, kama ni la enzi za gia sita au saba, lina upana wa milimita 126 kwenye ekseli. Za kuanzia gia nane hadi 11 zenye breki zinazobana ringi ni 130. Fremu mpya unayoionyesha kwenye simu ni ya breki za diski, 142, na ekseli yake ni fimbo ya milimita 12 inayopita katikati. Magurudumu yako hayaingii. Breki zako hazina pa kufungwa. Beringi za ekseli ya pedali huenda zisikae. Utabaki na usukani na siti, tena siti ukiwa na bahati bomba lake liwe unene ule. Ukipiga hesabu, utakuta umenunua baiskeli nzima kwa vipande, kwa bei ya juu. Kama ni mpya, nunua iliyokamilika.

Sasa nikiri. Yote niliyosema ni ya chuma. Alumini ni habari nyingine: kila mzigo unaihesabia, hata mdogo, na siku ya ufa haitangazwi. Nikiulizwa hii imebakiza miaka mingapi, sijui, na fundi anayekupa namba anakutania. Natazama maungio kwa tochi, nikiona mstari kwenye rangi naikataa, na kuichomelea siichomelei, kwa kuwa joto linaipunguzia nguvu palepale ilipokuwa inategemewa. Kaboni ya mtumba ndiyo inayoninyima usingizi. Naigonga kwa sarafu nikisikiliza sauti kama daktari, mteja anatikisa kichwa kwa heshima, na moyoni sina uhakika kama ninachosikia ni ufa au ni gundi tu.

Na lingine: nikitoka kujaribu baiskeli mpya ya mteja, nikirudi kwenye ya kwangu, hata mimi nahisi inayumba. Najua haiyumbi zaidi ya jana. Nahisi tu.

Kwa hiyo mpya ununue lini? Fremu ikiwa na ufa. Ikiwa si saizi yako. Unahitaji 52 unaendesha 58 kwa sababu ndiyo iliyokuwepo kwenye kontena, huyo mgongo utamlaumu nani? Au ukishuka milima kwenye mvua ukataka diski, hapo nakuunga mkono, maana hili vumbi letu la volkano likilowa linasaga ringi kama msasa. Ringi iliyobonyea pale raba za breki zinapokamata ibadilishe leo, baiskeli iwe mpya au ya zamani. Na kama unaitaka tu kwa sababu ni nzuri, nunua, pesa ni yako. Ila usiisingizie fremu.

Yule kijana kasema atafikiria. Magurudumu yangu kaondoka nayo, kaahidi kuyarudisha Jumatano. Leo ni Ijumaa.